Maswali ya Wasomaji: Mwalimu wetu anatimiza miaka 90

SWALI: Tuko familia sita za Waswahili hapa Georgia, Marekani. Mwalimu mstaafu, Mmarekani Mweusi aliyeanza kazi mwaka 1957, ndiye anayewasomesha watoto wetu Kiingereza kila Jumamosi. Baada ya miezi miwili anatimiza miaka 90. Tunataka kumwandalia sherehe na kumwombea tamko rasmi la meya. Tuanzie wapi?

JIBU: Hongereni kwa kumkumbuka angali hai. Anzeni na jina lake, kabla ya ukumbi na keki. Enzi za ubaguzi wa rangi huko Kusini mwa Marekani, Mzungu alimwita Mweusi kwa jina la kwanza tu, hata akiwa mwalimu au mchungaji. Mwaka 1963 huko Alabama, Mary Hamilton, mwanaharakati Mweusi wa haki za kiraia, alikataa kujibu maswali mahakamani kwa sababu aliitwa "Mary" tu. Alihukumiwa kifungo cha siku 5 na faini ya dola 50, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta hukumu hiyo mwaka 1964. Kwa hiyo kadi, bango na keki viandikwe jina la ukoo pamoja na cheo anachokitumia mwenyewe: Mrs., Miss au Dr. "Mama" letu ni tamu, lakini muulizeni kwanza.

Kisha shule. Ubaguzi shuleni ulipoondolewa, shule nyingi za Weusi zilifungwa au zikabadilishwa majina, vikombe na picha zao vikatupwa, na maelfu ya walimu Weusi wakapoteza kazi. Kosa la kawaida ni kuchukua jina la leo kutoka intaneti, halafu mwalimu anasomewa mbele za watu shule asiyoijua. Andikeni jina la wakati ule, darasa na miaka, mlinganishe na vitabu vya picha vya mwaka vya shule. Mkikuta pengo la miaka, muulizeni faraghani, si kwenye maikrofoni. Kwa mfano, mwalimu Mweusi Septima Clark wa South Carolina alifukuzwa mwaka 1956 baada ya miaka 40 ya kufundisha kwa kukataa kujitoa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi. Pensheni yake ilirudishwa mwaka 1976.

Kwa tamko, pelekeni rasimu wenyewe ofisi ya meya wiki 6 kabla: aya 4 au 5 zinazoanza na "Kwa kuwa", kila moja na jambo moja la hakika. Pigeni simu kwanza. Ofisi nyingine hutaka mhusika awe mkazi wa mji.

Sherehe iwe saa nane mchana, isizidi dakika 90. Mwalimu akae mbali na spika, na muziki uzimwe kabisa watu wanapozungumza, maana kifaa cha kusaidia masikio hukuza kelele zote. Wasemaji 6, dakika 3 kila mmoja. Msimshtukize, umri huo unahitaji kujiandaa.

SWALI: Na picha zake za zamani?

JIBU: Ziskaniwe kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi). Zilizogandishwa kwenye albamu msizibandue, zipigeni picha hapo hapo. Zisizobandikwa ziandikwe majina nyuma, pembeni, kwa penseli laini. Wino wa kalamu hupenya. Mwalimu ataje watu kuanzia kushoto, simu ikirekodi shubiri moja kutoka kinywani mwake, feni na friji vikiwa vimezimwa.