Mbege haipikwi usiku mmoja

SWALI: Ninaandika riwaya ya Uchagani, Kilimanjaro. Katika sura ya tano mhusika wangu anapika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, alfajiri, na jioni anampelekea kaka yake pamoja na isale, jani la kuombea msamaha, amwombe radhi kwa ugomvi wa mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Aliyenisomea anasema mila zangu zimebandikwa tu. Nirekebishe wapi? — Msomaji, Moshi

JIBU: Anza na mbege, maana hapo bibi yeyote wa Marangu atakufungia kitabu. Ulezi hulowekwa, ukaachwa uchipue siku mbili tatu, ukaanikwa na kusagwa. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi hadi zigeuke rangi, zikaachwa siku kadhaa zichachuke, ndipo zichujwe. Uji wa ulezi uliopikwa na magome ya mti wa msesewe huchanganywa na maji hayo ya ndizi, na pombe hulala usiku mmoja. Msesewe ukizidi, uchungu haumezeki. Na mbege ikishaiva haisubiri mtu. Siku mbili tatu tu imeshakuwa chachu.

Riwaya yako imo humo humo. Mdogo mtu akibandika ndizi Jumatatu, hadi Jumamosi majirani wote wanajua kuna jambo. Kaka naye ana siku tano za kujiandaa, au za kupata safari ya ghafla ya Arusha. Akikawia huko, mbege inachacha.

Isale nayo umeipitia mbio. Hupandwa mipakani mwa vihamba. Kwa hiyo jani la kuombea msamaha, mhusika wako anaweza kulichuma kwenye mpaka uleule wanaougombania! Tena anayepelekewa isale hatarajiwi kukataa. Kaka akiwa ndiye mwenye haki, jani hilo linambana.

Ukitaka kuona fundi akifuma mila ndani ya kisa, msome Thomas Hardy, Mwingereza aliyezaliwa kijijini Dorset mwaka 1840. Katika The Return of the Native (1878), Susan Nunsuch anaamini jirani yake Eustacia amemroga mwanawe. Anakata nta ya nyuki vipande vyembamba, anailainisha motoni, anafinyanga sanamu ya inchi sita hivi. Kisha anamuuliza mtoto: Eustacia alivaa nini leo? Utepe mwekundu shingoni, mtoto anajibu, na Susan anaufunga utepe kama huo kwenye nta. Anachoma pini zipatazo hamsini, anaiyeyusha kwenye moto huku akisoma Baba Yetu kinyumenyume mara tatu. Usiku huohuo Eustacia anakufa maji.

Hardy hasemi kwamba nta ndiyo iliyoua, wala hasemi kwamba haikuua. Wewe katika rasimu yako umeandika “kwa mujibu wa mila za Wachaga” mara nne. Futa zote nne. Mwana wa Kichaga aliyeshika isale hajielezei mila. Anawaza kama kaka atatoka mlangoni au atamwacha asimame uani.

SWALI: Maneno ya Kichaga niyatafsiri chini ya ukurasa? — Msomaji, Arusha

JIBU: La. Mwonyeshe mtu akikitumia kitu chenyewe. Ukiandika kwamba mzee alipokea kata, akanywa kidogo, akampa wa pili wake, hakuna atakayeuliza kata ni nini. Ila chunga tofauti za Rombo, Kibosho na Machame: chagua kijiji kimoja, ushikilie matamshi yake hadi mwisho.