Jibu: Ushindi wa Charles Radbourn mwaka 1884
Ndugu yangu, uliuliza kama ni kweli mrushaji mmoja wa besiboli (mchezaji anayemrushia mpigaji mpira) aliwahi kushinda karibu mechi 60 katika msimu mmoja. Ni kweli: ni Charles Radbourn wa timu ya Providence Grays, Marekani, mwaka 1884. Mrushaji mwenzake, Charlie Sweeney, alipoondoka mwezi Julai, Radbourn alikubali kurusha karibu kila mechi kwa sharti la kuongezewa malipo, ingawa inasimuliwa kwamba mkono ulimuuma hata akashindwa kuchana nywele. Watunza takwimu hubishana kama alishinda mechi 59 au 60, lakini mimi huustaajabia zaidi uvumilivu wake. Baada ya kustaafu aliendesha baa mjini Bloomington, Illinois, akapoteza jicho katika ajali ya uwindaji, na akafariki mwaka 1897.