Zahanati Tupu Ukingoni mwa Chalbi

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Msambweni. Januari nilipangiwa zahanati ndogo upande wa North Horr, kaunti ya Marsabit. Mjini Marsabit nilifurahi: msitu, ukungu wa asubuhi, baridi ya kuvaa sweta. Kisha gari likateremka mlima, tukapita kwenye mawe meusi, tukatokea jangwa la Chalbi, na moyo ukaanguka. Maji yana chumvi hata chai hainyweki. Upepo unapiga mabati usiku kucha. Zahanati hushinda tupu, na wachache wanaokuja huzungumza na mlinzi, naye ndiye anayenitafsiria. Wazee huniuliza, "Kenya hawajambo?" kana kwamba hapa si Kenya. Barua ya kuomba uhamisho nimeshaiandika, sijaipeleka. Niipeleke? Na mama anataka kunitumia nazi. Zitafika salama?
Msomaji wa Msambweni

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua hiyo usiipeleke kabla mvua za masika hazijanyesha. Ukishaziona, ukibaki na nia ileile, ipeleke na wala usijilaumu.

Nakwambia hivyo kwa kuwa naijua Januari ya huko. Nilifanya kazi upande wa Maikona, huko huko ukingoni mwa Chalbi, miaka ya 1990. Wakati huo lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale haikuwapo, nasi tulipanda juu ya lori la bidhaa, tumekaa kwenye magunia, magari yakienda kwa msafara na askari wenye bunduki. Wewe umefika katikati ya kiangazi. Vijana wa Kigabra, wafugaji wa huko, wako fora, kwenye kambi za mbali za ngamia, na familia nyingine zimekunja nyumba zao, zikazipakia kwenye ngamia na kufuata malisho. Zahanati yako imekuwa tupu kwa sababu watu wamehama. Umekaa pale mchana kutwa ukiusoma ule utupu kana kwamba hawakutaki, na ninaelewa, mtu akiwa mgeni kila kimya hukiona kinamhusu yeye. Lakini subiri Machi mpaka Mei. Mvua zikikubali, Chalbi hugeuka ziwa, magari hayapiti, ngamia wanarudi karibu, maziwa yanajaa vibuyu, na kina mama watakuja na watoto mpaka ukose pa kukaa. Kwa hiyo dawa na chanjo ziagize sasa, njia ikiwa kavu.

Na kama gari la kliniki tembezi lipo, usikubali kuachwa. Panda nalo uwafuate walikohamia. Ukishakaa ndani ya nyumba ya Kigabra, ambayo mwanamke ndiye huijenga na ndiye mwenyewe, ukapewa buni zilizokaangwa kwa samli, utakuwa umejulikana. Kula. Wao huzitoa kwa heshima, na habari zitafika zahanati kabla yako.

Sasa jambo lililonikosesha usingizi katika barua yako. Hukulitaja kama tatizo, ila mimi ndilo ninaloliona kubwa kuliko upepo na chumvi: mlinzi ndiye mkalimani. Mwanangu, mama mjamzito anayetokwa na damu atamwambia nini mlinzi mwanamume, ambaye huenda ni shemeji yake? Atasema tumbo linauma kidogo. Wewe utampa dawa ya maumivu, atarudi nyumbani nayo. Hata mlinzi awe mtu mwema kiasi gani, hapo hawezi kusaidia. Tafuta mwanamke. Anza na mhudumu wa afya ya jamii, na kama hayupo, mkunga wa jadi anayeaminiwa pale kijijini. Mwite kwa heshima, keti naye, mwambie wazi kwamba unamhitaji. Wakunga hao wamewazalisha nusu ya kijiji, na ukimdharau mmoja umefunga mlango wa chumba chako cha uzazi mwenyewe.

Na lugha jifunze leo, usingoje kozi. Wagabra wanasema Kiborana. Salamu ni nagaa, tumbo ni garaa, kichwa ni mata. Jifunze viungo vyote vya mwili kwanza, halafu siku, halafu kuhesabu, ili umuulize mama mwenyewe mtoto ameharisha tangu lini. Watakucheka matamshi. Wakicheka wamekukaribisha.

Nakuomba pia uyatazame macho ya watoto. Vikope viko kwa wingi kaunti ile, na mahali ambapo dumu la maji linabebwa kutoka mbali, kuosha uso hakuwi jambo la kwanza. Usimgombeze mama kwa uchafu. Muulize maji anayatoa wapi.

Yule mzee anayekuuliza habari za Kenya hakutukani wala hakufukuzi. Waingereza waliifunga wilaya ya mpaka wa kaskazini kwa sheria ya mwaka 1926, mtu akawa haingii wala hatoki bila kibali. Baada ya uhuru vikaja vita vya shifta, vya waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia, 1963 hadi 1967, na sheria za hali ya hatari hazikuondolewa hadi 1991. Waraka wa serikali nambari 10 wa 1965 nao uliamua fedha za maendeleo zielekezwe kwanza penye ardhi yenye rutuba na mvua, na Chalbi haina hata kimoja. Mzee wa miaka 60 alizaliwa ndani ya sheria hizo na pengine akawa baba kabla hazijaisha. Hayo ndiyo yaliyomfundisha kuona kwamba Kenya ni kule chini, si kwao. Nilikuwa nikiulizwa hivyo najibu kwamba hawajambo na wanawasalimu, kisha namuuliza mzee hali ya ngamia wake. Mazungumzo ya kweli yalianzia hapo.

Kukitokea ugomvi wa jamii na jamii, nawe unajua kaunti hiyo imeumia sana kwa hilo, usitoe maoni hata kwa wenzako wa kuja. Wenzako hao wapende, ila usikae nao tu kila jioni mkihesabu tarehe za likizo.

Chai ya maji ya chumvi ipikie maziwa ya ngamia, uyazidishe, majani ya chai yawe mengi. Nazi mama asitume, kwa joto lile na mtikisiko wa barabara zitafika zimepasuka na kuchacha. Atume tui la unga, iliki, na papa mkavu aliyefungwa vizuri kwenye gazeti, avikabidhi kwa wenye basi la kwenda Marsabit. Kutoka hapo dereva yeyote wa lori la North Horr atakubebea, mradi jina la zahanati liandikwe kwa herufi kubwa.