Kazi ya mguu kwenye mpira: umekosea hapa

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini kazi ya mguu, yaani nishati ambayo mguu unaupa mpira, umeipata jouli 21.5 kimakosa kwa mpira wa kilo 0.43 uliokuja na mita 10 kwa sekunde, ukapigwa ukatoka na 20. Umetoa kasi kwanza, 20 − 10, ndipo ukazidisha 10 kwa 10. Hapo ndipo wengi tunapoteleza, hata mimi nilipokuwa kidato cha tatu. Kazi ni badiliko la nishati mwendo, na nishati mwendo ni nusu ya tungamo mara kipeo cha pili cha kasi (kasi mara yenyewe). Kwa hiyo tafuta kipeo cha pili cha kila kasi kwanza: 400 na 100. Tofauti ni 300. Nusu ya 0.43 mara 300 ni jouli 64.5, ndiyo kazi. Mguu ukiusukuma mpira sentimita 20, gawanya kazi hiyo kwa mita 0.2: kani ya wastani ni nyutoni 322.5.