Kwa mwanangu, juu ya Sala ya Jioni

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Muheza, sisi hatujambo. Umeniuliza: umehudhuria Sala ya Jioni ya Kianglikana mara tatu katika kanisa la King's College, Cambridge, kwaya imeimba karibu kila kitu, nawe ukatoka unajiona mtazamaji. Je, umesali?

Umesali, mwanangu. Hata mimi lilinisumbua nilipokuwa masomoni huko, maana nimekulia kwenye kwaya.

Jioni moja ya Novemba nilikaa karibu na wale watoto 16 wa kwaya. Nje giza lilikwisha kuingia. Mshumaa uliwaka ndani ya kioo mbele ya mtoto mmoja mdogo, naye alikuwa akifuata zaburi kwa kidole. Upande mmoja ukaimba aya, upande wa pili ukapokea. Katikati ya kila aya walivuta pumzi, na sauti ikabaki inazunguka juu, kwenye dari lile la mawe yaliyotandaa kama makuti ya mnazi. Mwezi ule babu yako alikuwa amefariki, nami sikuweza kwenda kumzika. Kooni mwangu sauti haikutoka. Watoto wale waliniimbia.

Tena zaburi ile haikuchaguliwa kwa ajili yangu. Kitabu cha Sala kimegawa zaburi zote 150 kwa siku 30, asubuhi na jioni. Ilikuwa zamu yake tu, ikanikuta pale na msiba wangu.

Usijione mgeni. Kanisa hilo lilianza kujengwa mwaka 1446, lakini Wimbo wa Mariamu na Wimbo wa Simeoni unaousikia humo ndio uleule uliousikia hapa nyumbani ukiwa mgongoni mwangu. Mwaka 1857 mmisionari Livingstone alihutubia hapo hapo Cambridge, na kutokana na wito wake ukaanzishwa umisionari wa UMCA, yaani misheni ya vyuo vikuu kwa Afrika ya Kati, uliofika hadi Magila kwetu. Sala hiyo ni yako pia.

Nenda mapema upate nafasi. Kwenye ibada hawatozi kiingilio. Ikifika Imani ya Mitume, simama uikiri pamoja nao, hata kwa Kiswahili, taratibu. Kwingine kote sikiliza. Ukichoka, acha wakubebe.

Na ibada ikiisha usikimbilie mlangoni. Kinanda huwa bado kinapigwa. Kaa mpaka kinyamaze, kisha uniombee na mimi.

Mama yako