Jeni ya damu ya kitoto huenda wapi?

SWALI: Binti yangu ana selimundu. Daktari alinieleza kwamba hakuugua miezi ya mwanzo kwa sababu bado alikuwa na damu ya kitoto. Je, jeni ya damu hiyo imepotea? Kama ipo, haiwezi kuamshwa?
Mama Neema, Morogoro

JIBU: Haijapotea, mama, imo katika uboho wa binti yako leo kama ilivyokuwamo siku alipozaliwa. Seli shina inapokomaa na kuwa seli ya neva, ya ini au ya damu, kwa kawaida haitupi jeni zake, bali huzifunga zile isizozihitaji. Ndani ya kiini cha seli moja, ambayo jicho haliioni, mna uzi wa DNA wa karibu mita 2, uliozungushwa juu ya protini ziitwazo histoni. Pale unapokazwa sana, jeni haisomeki. Na mara nyingi alama ndogo za kikemikali, ziitwazo metili, hubandikwa kwenye uzi wenyewe na kuizidishia jeni kimya. Seli inapogawanyika, alama hizo hunakiliwa, ndiyo maana seli ya ini huzaa ya ini.

Ile damu ya kitoto ni himoglobini, yaani protini ibebayo oksijeni katika chembe nyekundu, ya namna ambayo kijusi huitengeneza kwa jeni ziitwazo gama. Mtoto akishazaliwa, protini iitwayo BCL11A huzizima jeni hizo, na kazi ikachukuliwa na jeni ya beta, ambayo kwa binti yako ndiyo yenye kasoro: chembe nyekundu ikipungukiwa oksijeni hujipinda kama mundu, kisha huziba mishipa midogo na kuleta yale maumivu unayoyajua. Gama haina kasoro hiyo, lakini kufikia umri wa miezi 6 hivi huwa imepungua mno.

Kuamshwa, inawezekana. Dawa ya hidroksiyurea huongeza himoglobini ya kitoto kwa wagonjwa wengi. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ambayo seli shina za mgonjwa hutolewa, ikakatwa ile sehemu ya DNA inayoiwasha BCL11A katika chembe nyekundu zinazokomaa, kisha zikarudishwa mwilini. Bei yake huko Marekani inazidi dola milioni 2, na inaniuma kwamba walio wengi wenye ugonjwa huu wako Afrika. Kwa sasa, mama, muulize daktari kuhusu hidroksiyurea, na akimwanzishia binti yako, usiikatishe bila ushauri wake.