Bustani ya kumbukumbu: alfabeti, mulamula na choo

Kila inapokaribia Mei 21, siku MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria mwaka 1996, wasomaji huniuliza kuhusu maeneo ya kumbukumbu. Safari hii nimechagua maswali matano.

Tunajenga ukuta wa majina. Tuyapange kwa alfabeti?

Alfabeti humsaidia karani. Mama na mwanawe wenye ubini tofauti itawatenganisha mara ya pili. Kwenye kumbukumbu ya Septemba 11 jijini New York, familia ziliulizwa wangependa jina la mtu wao likae karibu na la nani. Ndiyo maana majina yale 2,983 yamepangwa kwa ujirani: waliofanya kazi pamoja, waliopanda ndege moja, marafiki. Kazi ni kubwa, ila ifanyeni. Majina yawe usawa wa mkono na yachongwe kwa kina, maana wafiwa huyapapasa. Rangi tupu haimalizi masika mawili.

Na wale ambao majina yao hayajulikani?

Hapa ndipo penye uzito, hasa kwa Bukoba. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, hivyo idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo, na pale makaburini Igoma, jijini Mwanza, wamelala wengine wasiotambuliwa. Basi msiujaze ukuta. Acheni mawe matupu, tena mengi, na mtu maalumu awe na kazi ya kupokea majina. Hiroshima huongeza majina kila Agosti 6 katika orodha inayotunzwa ndani ya sanduku la jiwe, chini ya tao. Yale yalikuwa ya vita, najua, lakini utaratibu wao tunaweza kuuazima.

Tupande mti gani?

Waulizeni wazee wa marehemu kabla ya bwana miti. Abiria wengi wa MV Bukoba walitoka Kagera, na Mhaya anaujua mulamula tangu mipakani mwa kibanja (shamba la migomba) cha babu yake. Huota kwa kipande tu, wala hausumbui kwa maji. Mkuyu una kivuli kizuri, lakini mizizi yake huinua sakafu. Uwekeni mbali na makaburi.

Watu watakuja kula chipsi humo. Tuweke uzio?

Waacheni wale. Bustani ya Agosti 7 jijini Nairobi, ulipokuwa ubalozi wa Marekani uliolipuliwa mwaka 1998, ina ukuta wa majina, na watu wa mjini hupumzika humo. Sijaona ubaya wake. Sehemu ya majina ishusheni kidogo, kisha pindisheni njia ili ukuta uonekane mtu akishafika. Sauti zitashuka zenyewe. Msiweke ngazi, wekeni mteremko mpole, kwani wafiwa nao wanazeeka. Na mfereji wa maji ya mvua msiusahau, la sivyo mtachimba bwawa.

Fedha zimebaki kidogo. Chemchemi au choo?

Choo. Na bomba la kumwagilia. Chemchemi, umeme ukikatika, ni beseni la mbu.